Tunasali sana kanisani. Peke yetu tunasali saa ngapi?

Fundi Cherehani, Moshi (mtoa uzi)

Wakuu, habari za leo. Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zetu wa upande wa pili, Tumsifu Yesu Kristo.

Jambo hili nimekaa nalo muda, leo nalileta hapa lichambuliwe. Mimi ni Mlutheri, fundi cherehani, banda langu liko karibu na soko la Mbuyuni. Wiki yangu ya kanisa iko hivi: Jumanne na Alhamisi mazoezi ya kwaya, Jumatano ibada ya nyumba kwa nyumba, Ijumaa maombi ya akina mama, Jumamosi mazoezi tena kama kesho yake tunaimba, na Jumapili ibada, halafu kikao, maana sijawahi kuona Jumapili isiyo na kikao. Juu ya hapo weka kamati za harusi, misiba na kicoba. Ukiniuliza kama nasali nitakujibu nasali kila siku, na ni kweli. Sasa ondoa sala zote ambazo kuna mtu alikuwa ananisikia. Inabaki ya chakula, na ile ya kitandani ambayo usingizi unaifikia kabla ya amina. Na nikiwaangalia wenzangu wa kwaya, sioni kama nimewazidi kwa ubaya.

Nazungumzia sala ya peke yako. Hakuna kiongozi, hakuna "tusimame tuombe", hakuna wa kuitikia.

Huwa tunapenda kutaja Marko 1:35, kwamba Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu. Tunausoma kama mstari wa kuamka mapema. Hebu anzia juu kidogo, mstari wa 32. Jioni ya kuamkia siku hiyo wameletwa wagonjwa, "na mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni." Amefanya kazi usiku, kachoka, na alfajiri anaondoka bila kuaga mtu. Simoni na wenzake wanamsaka, na wakimpata wanamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Maneno hayo nayajua vizuri sana, ndiyo simu ya katibu wa kwaya. Sasa tazama jibu lake. Hakurudi. "Twendeni mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu." Na Kapernaumu wagonjwa walikuwa bado wapo! Ninavyoona mimi, aliyetoka faragha alijua pa kwenda na pa kutokwenda. Sisi tusiofika huko tunapangiwa siku na yeyote aliyetangulia kupiga simu.

Halafu nenda sura ya 6. Mitume wamerudi kutoka kazini, watu wanakuja wanakwenda hata nafasi ya kula hakuna, anawaambia njoni peke yenu kwa faragha mkapumzike kidogo. Wanapanda chombo. Watu wanakimbia kwa miguu wanawatangulia, wakishuka wanawakuta wamejaa ufukweni. Faragha imekufa. Hakuwafukuza, aliwahurumia, akafundisha mpaka jioni, akalisha elfu tano. Wengi tunaishia hapo kwenye mikate na samaki. Ila mstari wa 46 unasema alipokwisha kuagana nao akaenda zake mlimani kuomba. Siku ile ile! Watu walimvunjia kipindi chake akakihamisha, hakukifuta. Hapo ndipo mimi na wengi wetu tunapopotea, maana kikivunjwa cha asubuhi tunasema basi, kesho.

Wenye ndoa, wenye watoto, wa kazi za zamu, mnafanyaje? Tafadhali msiniambie "dada amka saa tisa usiku tu." Nataka mtu aseme anakaa wapi, saa ngapi, na simu ikiita anafanya nini.

Boda wa Sanawari, Arusha

Dada umegusa penyewe. Nipo kijiweni, abiria huyo kaja. Narudi.

Mpendwa, Ngaramtoni

Bwana Yesu asifiwe mpendwa. Nimekusoma ila naweka angalizo. Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika pamoja. Siku hizi kuna njia ya kistaarabu ya kukwepa kanisa, mtu anakwambia "mimi nasali nyumbani, mimi na Mungu wangu." Jumapili ya kwanza kweli anasali. Jumapili ya nne ukipita kwake unamkuta anafua.

Halafu nguvu iko kwenye umoja. Mimi nimeokoka kwenye mkutano wa injili, nimejifunza kuomba kwenye mikesha, sauti za wenzangu ndizo zilizonibeba nilipokuwa sina maneno. Mtu mchanga kiroho ukimfungia chumbani peke yake atasinzia tu.

Na lipo la tatu ambalo watu wanaogopa kulisema. Wapo wanaopanda milimani kufunga na kuomba peke yao, wakishuka wana ujumbe kwa kila mtu. Fulani ndiye anayekuloga, wewe achana na mumeo, wewe uza kiwanja. Nyumba zimevunjika hivyo, nimeziona. Faragha isiyo na wa kukupima ina hatari zake.

Fundi Cherehani, Moshi

Mpendwa asante. La tatu nalichukua lote kama lilivyo. La kwanza halinihusu, kanisani nipo wiki nzima, ugonjwa wangu ni wa upande wa pili. Ila hilo la kusinzia... Petro, Yakobo na Yohana walikuwa watatu pale Gethsemane na walisinzia kwa umoja.

Zamu ya Usiku, Moshi

😂😂 Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni muuguzi, Mkatoliki, nina watoto wawili wadogo na tunaishi na mama mkwe. Nyumba ina vyumba viwili. Kile "chumba chako cha ndani" cha Mathayo 6:6 kwetu ndicho analala bibi na wajukuu, na mlango wake ni pazia.

Niseme jambo moja ambalo akina baba huwa haliwapiti kichwani. Kila semina ya sala tunaambiwa tutoke alfajiri kama Yesu tutafute mahali pasipo na watu. Mwanamke akitoka saa kumi na moja alfajiri peke yake kwenda mahali pasipo na watu, cha kwanza atakutana na vibaka. Cha pili, kufika saa mbili mtaa mzima utakuwa umeshajua anakokwenda, na si kusali. Kwa hiyo mimi nilitafuta mahali penye watu ambao hawana shida na mimi.

Nikishakabidhi zamu asubuhi siendi moja kwa moja kupanda kifodi, daladala ya huku kwetu. Napitia kanisani. Misa ya asubuhi imeshaisha, amebaki mama anayefagia na wazee wachache wa rozari mbele kule. Nakaa benchi la nyuma, sweta juu ya sare, navua viatu navisukuma chini ya benchi kwa sababu miguu kwa saa hiyo si yangu tena. Hakuna anayeniita nesi, wala mama, wala wifi. Simu naizima. Siiweki kimya, naizima kabisa, kwa sababu ikitetemeka tu najua nyumbani wanauliza sukari imewekwa wapi, na kuanzia hapo nitakuwa nimekaa kanisani nafikiria sukari. Nasoma Zaburi moja taratibu, naweka mbele za Mungu wagonjwa niliowaacha wodini kwa majina ya vitanda kama ninavyowajua, kisha nakaa. Siku nyingine nasinzia. Nikishtuka nasema amina, navaa viatu, naondoka.

Mwenzangu aliniambia huko si kusali, ni kupumzika. Nikamwambia aliyesema "mkapumzike kidogo" ni Bwana mwenyewe, kwenye hiyo Marko 6 aliyoileta mtoa uzi.

Kuhusu mume, tulikaa tukazungumza, kwa sababu mwanzoni kila siku ilikuwa "mbona umechelewa?" Mtume Paulo kwenye 1 Wakorintho 7:5 anawaambia wanandoa wapatane ili wapate faragha kwa kusali. Najua mstari ule unazungumzia jambo gani, msinicheke. Lakini ona, hata faragha ya kusali ndani ya ndoa ni kitu cha kupatana. Huwezi kuiba dakika ishirini za nyumba kila siku ukadhani hazitaonekana. Sasa anajua, na siku nikipitiliza moja kwa moja nyumbani yeye ndiye anauliza, leo hukupita?

Mpanda Mlima, Moshi

Wakuu nami nichangie. Kazi yangu ni kupandisha wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu mara nyingi. Msimu ukichanganya, Juni mpaka Oktoba, ibada ya Jumapili naisikilizia kwenye redio ya mpishi.

Usiku wa kwenda kileleni tunaondoka kambi ya Kibo, mita 4,700 na kitu, inapokaribia saa sita usiku. Tunalenga Gilman's, pale unapofikia ukingo wa kreta, kabla jua halijatoka, halafu tunazunguka ukingo mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895. Saa zote hizo hakuna anayepiga soga. Hewa nyepesi, mgeni anahema, taa ya kichwani inakuonyesha visigino vya aliye mbele yako na changarawe, basi. Mimi sikupanga, ilianza yenyewe. Mguu huu "Bwana Yesu", mguu huu "nihurumie". Maneno marefu pumzi hairuhusu. Na siwezi kuzama moja kwa moja kwa sababu mgeni ndiye kazi yangu. Kila mara lazima nimuulize jina lake, kichwa kinamuuma kiasi gani, nione kama anajibu sawasawa, maana akianza kujibu ovyo hapo ni kushuka, hakuna mjadala.

Shida yangu ni nikirudi chini. Watoto wamenikosa wiki nzima wananing'inia mabegani, televisheni inaongea, jirani kasikia nimerudi kaja kuazima. Mlimani nasali, nyumbani sisali. Nani ana dawa?

Mwanafunzi, Makumira

Shikamooni wakubwa. Mimi nasoma theolojia, naomba niongeze mawili matatu, mkiona nimekuwa mwalimu mnisamehe.

Kaka Mpanda Mlima, sala yako ina ukoo mrefu. Karne ya nne huko Misri Wakristo wengi walikwenda kuishi jangwani wakisali. Aliyejulikana zaidi ni Antoni, aliyefariki mwaka 356, Mmisri, yaani Mwafrika mwenzetu (nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaamini kukaa kimya mbele za Mungu ni mambo ya Wazungu). Watu wale hawakukaa bure. Walisuka vikapu na mikeka wapate chakula, na mikono ikisuka midomo ilirudia maneno machache ya Zaburi. Yohane Kasiano, aliyeishi nao kisha akaenda kufundisha Ulaya, alitoka na mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70, ule wa "unisaidie hima", akasema urudiwe kazini, mezani, njiani, kitandani. Dada wa zamu ya usiku anaujua, ndio unaofungua masifu ya asubuhi na ya jioni kwao.

Kwa Walutheri wenzangu. Mwaka 1535 kinyozi wa Luther pale Wittenberg, aliyeitwa Petro, alimwomba amfundishe namna ya kusali. Luther akamwandikia barua ndefu, ikachapwa. Kuna mahali anamwonya juu ya wazo lile la "ngoja kidogo, nikimaliza hili na hili nitasali", kwa sababu hilo na hili huzaa mengine mpaka siku inakwisha. Dada Fundi, utadhani alikuwa na ratiba yako mkononi. Anamwambia pia kwamba kinyozi mzuri akili na macho yake viko kwenye wembe na ndevu. Akiropoka huku ananyoa atakata pua ya mtu, au koo. Na sala ndivyo inavyotaka, mtu mzima mzima. Kisha anampa vitu vya kushika: Baba Yetu, Amri Kumi, Imani ya Mitume, achukue kipande kimoja akikalie. Halafu anasema jambo ambalo Walutheri tumelisahau. Katikati ya kipande hicho mawazo mema yakianza kukujia kwa wingi, acha maneno yako, nyamaza usikilize.

Hapo ndipo namjibu Mpendwa. Hofu yako ya watu wanaoshuka na ujumbe ni ya kweli kabisa. Lakini mtu aliyekaa na Baba Yetu au Zaburi ana kamba mkononi. Anayekwenda na kichwa kitupu akisubiri sauti ndiye anayerudi na habari za wachawi. Na hata huyo mwenye Zaburi arudi kwa wenzake na mchungaji wake, asikike, apimwe.

Jingine dogo. Katekisimo Ndogo tuliyoikariri wakati wa kipaimara, ya mwaka 1529, ina sala ya asubuhi na sala ya jioni. Baada ya ile ya asubuhi unaambiwa uende kazini kwa furaha. Baada ya ile ya jioni unaambiwa ulale mara moja kwa raha. Wanaodhani sala fupi kabla ya kulala ni uvivu wakaisome tena.

Mzee wa Kihamba, Old Moshi

Marahaba kijana. Umesoma, inaonekana. Na mjukuu wangu anayeniandikia hapa anasema nifupishe.

Sisi huku juu bado tuna mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia. Zamu yetu ya maji ikiangukia alfajiri mtu mmoja anatangulia juu kwenda kufungua, wengine wanabaki mashambani na majembe. Mimi hupenda kuwa huyo wa juu. Unapanda na mfereji, kushoto migomba ya watu, kulia migomba ya watu, na kila nyumba naijua. Hapa kuna mama ana sukari, mguu umekatwa. Hapa mtoto kamaliza chuo, yupo tu. Hapa ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa sale, mmea tunaoupanda mipakani. Taa ikiwa inawaka saa ile najua hawajalala vizuri. Nawataja mmoja mmoja mbele za Mungu nikipita, wala wao hawajui. Nikifika kwenye banio nimeshamaliza ukoo mzima. Nafungua maji, narudi nayo.

Mama yangu alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe peke yake jioni. Sisi watoto tulikatazwa kumfuata. Majani yale yalichukua muda mrefu kuliko majani yoyote. Hakuwahi kutueleza, ila tulijua. Isaka naye alitoka kwenda kutafakari kondeni wakati wa jioni, Mwanzo 24:63, na ndipo akaona ngamia wanakuja na mke.

Kijana wa mlimani, wewe usitafute usiri nyumbani kwako. Waambie. "Baba anakwenda kusali nyuma ya nyumba, anarudi." Wataning'inia, watalia, siku ya tatu watazoea. Mtoto akijua baba ana saa ambayo hata yeye haruhusiwi kuigusa, amejifunza kitu ambacho shule ya Jumapili haiwezi kumfundisha. Ila ukisema unarudi, rudi. Usisali mpaka chakula kipoe.

Boda wa Sanawari, Arusha

Nimerudi. Mzee shikamoo, hiyo ya ngamia na mke nimeielewa, mimi bado sijaoa, kuanzia leo natoka kondeni kila jioni 😂

Sasa niseme ukweli wa vijana. Adui ni simu. Nilianza kusali asubuhi kwa Biblia ya kwenye simu. Nafungua Zaburi, juu inashuka taarifa ya mechi, nagusa kidogo tu, dakika mbili baadaye naangalia mkeka wangu wa kubeti wa jana umechanika wapi. Biblia bado iko wazi huko nyuma! Na kuna kundi la WhatsApp la kanisani, saa kumi na moja alfajiri linatumwa neno la asubuhi kwa ujumbe wa sauti, refu, zuri kweli, halafu zinafuata amina za kundi zima, ti, ti, ti. Yaani muda ambao ningesali nasikiliza mtu anayeniambia umuhimu wa kusali.

Nikanunua Agano Jipya dogo la karatasi, linaingia mfuko wa koti. Natoka nyumbani mapema kidogo kuliko ilivyokuwa, na kabla sijafika kijiweni nasimamisha pikipiki pembeni chini ya mti, barabara ya kwenda Ilboru. Kofia ngumu siivui. Ukiivua watu wanajua upo huru, wanakuja na stori. Ukiwa nayo kichwani wanadhani unasubiri mtu, wanapita. Nasoma vistari vichache, naongea na Mungu humo humo ndani ya kofia, Mlima Meru uko mbele yangu kama hakuna mawingu. Abiria akija katikati nampeleka, hela ni hela, nina kodi ya chumba. Zamani nilikuwa naona siku imeshaharibika. Baada ya kusoma ile ya kuhamisha kipindi, juzi abiria alinikatisha, nikamalizia huko huko nilikomshusha, Njiro, kwenye geti la watu. Mlinzi akaniuliza nasubiri nani.

Mpendwa, Ngaramtoni

Nimewasoma wote, nimebarikiwa, sina ugomvi. Ila kuna kitu mnakipitisha kimya kimya nami sikubali kipite. Mnaongea kama vile faragha lazima iwe kimya. Bwana mwenyewe, Waebrania 5:7, aliomba pamoja na kulia sana na machozi. Gethsemane alikuwa ametengana nao kama kiasi cha kutupa jiwe na alianguka kifudifudi. Mimi nikiwa peke yangu naomba kwa sauti, nalia, natembea. Nina shamba la mahindi nyuma ya nyumba, mahindi yakiwa marefu ndiyo kipindi changu kizuri, yakivunwa napata shida kidogo maana majirani wanaona.

Na Hana je? Dada wa zamu ya usiku unaweza kumdai yeye ni wa upande wenu, midomo ilicheza tu na sauti haikusikika, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Lakini soma vizuri 1 Samweli 1, alikuwa anamimina roho yake. Kimya chake kilikuwa na kelele ndani. Nachoogopa ni kimya kisicho na kitu ndani.

Zamu ya Usiku, Moshi

Mpendwa tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Wodini kuna usiku natoka nimeona mambo ambayo siwezi hata kuyaeleza nyumbani. Siku hizo hakuna Zaburi inayosomeka, nakaa tu, machozi yanatoka yenyewe, mama anayefagia anazunguka benchi langu bila kuniuliza. Warumi 8:26 nadhani iliandikwa kwa ajili ya asubuhi za namna hiyo.

Na Mathayo 14 ina habari ile ile ya Yesu kupanda mlimani kuomba: jioni alikuwa huko peke yake, na akawaendea wanafunzi zamu ya nne ya usiku, yaani kati ya saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri. Jioni hiyo mpaka karibu na asubuhi, baada ya siku ya kulisha watu elfu tano, na ni siku ambayo kulingana na sura hiyo hiyo alikuwa amepata habari ya kuuawa kwa Yohana Mbatizaji. Yaani alikuwa na msiba. Mimi nafikiri alilia, ingawa haikuandikwa.

Mpanda Mlima, Moshi

Hiyo ya msiba sikuwahi kuiunganisha. Asante dada.

Mzee, nimewaambia nyumbani kama ulivyosema. Mdogo kabisa kauliza kama anaweza kuja kusali na mimi peke yetu. Sasa hapo nifanyeje?

Mzee wa Kihamba, Old Moshi

Mchukue siku moja moja. Nyingine mwache.

Mwanafunzi, Makumira

Dada Fundi, mimi ningependa kujua wewe mwenyewe umeamua nini. Umetuchokoza wote tumesema yetu.

Fundi Cherehani, Moshi

Haya, nisiwe mwalimu asiyefanya mtihani.

Nyumbani nimeona haiwezekani, asubuhi pale ni sare za shule na uji, na sitaki kusali huku nimekasirika. Nimechagua bandani. Nafungua mlango wa bati nusu tu, naingia kwa kuinama, nauacha hivyo hivyo. Pasi siichomeki, maana nikichomeka tu inapata moto na mkono unataka kuitumia. Cherehani nimeifunika. Kuna kitabu cha nyimbo na Biblia kwenye droo ya vifungo. Mteja akipiga hodi namwambia kwa upole, nipe dakika kumi mama, bado sijafungua. Wengi wanaelewa. Yupo mmoja wa gauni la sendoff aliyeinama akachungulia kuhakikisha kama kweli nipo peke yangu, akanikuta na Biblia mapajani, akasema "kumbe!" akaondoka. Gauni lake lilikuwa halijakatwa, nashukuru hakuuliza.

Zikivunjwa, nahamishia jioni kabla sijafagia vipande vya vitambaa. Hapo ndipo ninapoona faida ya ile Marko 6, kwa sababu asubuhi za sokoni zinavunjwa sana, hasa mwisho wa mwezi na kuelekea Desemba watu wakitaka nguo za kupanda nazo nyumbani.

Na lile la pa kwenda na pa kutokwenda. Kwaya naendelea, sauti ya pili tupo wachache. Nyumba kwa nyumba naendelea, ndipo jirani zangu walipo. Lakini kuna kamati moja ya harusi ambayo sijui hata niliingizwaje, niliamka nikakuta jina langu kwenye kundi. Juzi bandani, kabla ya pasi, niliona wazi kabisa kwamba pale hapahitaji mimi. Nimemwandikia mwenyekiti kwa heshima nimejitoa.

Boda wa Sanawari, Arusha

Dada subiri kwanza. Umejitoa kamati, au umejitoa na mchango?

Fundi Cherehani, Moshi

Mchango nimeshatuma. Vikao ndivyo hawatanipata.